Uchunguzi wa mgongo wa baba katika idara ya dharura

Tathmini hii inahusu idara ya dharura ya hospitali moja binafsi ya Dar es Salaam, ambako tulimpeleka baba yetu, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, baada ya kushikwa ghafla na maumivu makali ya mgongo alipokuwa akiinua ndoo ya maji.

Ninachokisifu kwa moyo wote ni uchunguzi. Baba alichomwa sindano ya maumivu mapema, lakini nafuu aliyoipata haikuchukuliwa kuwa sababu ya kumrudisha nyumbani. Daktari, aliposikia kwamba mzee alivuta sigara kwa miaka mingi, alimpima shinikizo la damu mikono yote miwili, kisha akavuta mashine ya altrasaundi hadi kitandani na kuupima mshipa mkuu wa damu unaopita tumboni. Alitueleza kwamba mshipa huo ukifikia upana wa sentimita 3 huhesabiwa kuwa umetanuka, na kwamba ukipasuka, mgonjwa anaweza kulalamikia mgongo tu huku damu ikivujia ndani. Wa baba ulikuwa salama. Maswali yaliyofuata yalimtia haya, ila yalikuwa ya lazima: je, mkojo unatoka kama kawaida, je, anahisi ganzi makalioni na sehemu za siri? Majibu mabaya hapo yangemaanisha kwamba neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na upasuaji usingeweza kungoja.

Alipogongwa pingili za uti wa mgongo moja baada ya nyingine, baba aliruka mkono ulipofika chini kidogo ya mbavu. Eksirei ilionyesha kwamba pingili ya kwanza ya kiuno imebonyea upande wa mbele. Prednisolone aliyoimeza kwa muda mrefu kwa ajili ya mapafu hudhoofisha mifupa; hata hivyo daktari aliagiza pia vipimo vya damu vya kalsiamu, protini na tezi dume, kwa sababu saratani nayo huvunja pingili vivyo hivyo.

Hatua ya kuruhusiwa haikulingana na kazi hiyo. Karatasi iliandikwa "maumivu ya mgongo" tu, bila kutaja mvunjiko, na tramadol, dawa ya maumivu, ilitolewa dirishani bila onyo kwamba huleta kizunguzungu na kufunga choo, ilhali mzee mwenye mifupa dhaifu akianguka usiku anaweza kuvunjika tena. Rufaa ya kliniki ya mifupa tuliipata baada ya kuidai wenyewe. Atakayempeleka mzazi pale asiondoke kabla jina la ugonjwa na tarehe ya kurudi havijaandikwa.