Stratocaster ya mwaka 1979: gitaa la mtumba lililonishinda kuliacha

Kabla ya kununua Fender Stratocaster hii, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1979, nilikwenda dukani mara mbili kujaribu gitaa jipya la bei inayokaribiana nayo, na mara zote mbili mkono wangu wa kushoto ulikwaruzwa na ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo ya gitaa, zilizochungulia kandoni mwa shingo kama miiba ya samaki. Kwenye hili kuukuu, kingo za shingo zimekwisha kulainishwa na mikono ya watu nisiowajua, kiasi kwamba kiganja huteleza kutoka freti ya tano hadi ya kumi na mbili bila kukwama popote. Kwangu mimi ninayepiga solo katika bendi ya dansi, ambako sebene moja huweza kwenda dakika kumi, hilo pekee lilitosha kunitoa fedha mfukoni.

Sauti ni nzuri, ila wanaoapa kwamba mbao zilizokauka miaka arobaini huimba kuliko mpya hawajanishawishi. Nimepiga magitaa yote mawili kwenye amplifaya moja, na tofauti niliyoisikia ni ndogo kuliko ile inayoletwa na kubadilisha nyuzi.

Anayetaka gitaa la namna hii asiridhike na namba iliyoandikwa kichwani mwa gitaa, kwa kuwa namba zinazoanza na S9 ziliendelea kutumika hata baada ya 1979. Afungue skrubu za plastiki ya mbele, asome tarakimu zilizogongwa mgongoni mwa vidhibiti vya sauti: kwenye langu ni 1377932, yaani 137 ni CTS, kiwanda kilichotengeneza vidhibiti hivyo, 79 ni mwaka 1979, na 32 ni wiki ya 32, kwa hiyo gitaa lenyewe haliwezi kuwa limekamilika kabla ya hapo. Atazame pia risasi ya kulehemu. Ikiwa inang'aa upya, kuna fundi aliyekwisha kupita humo, na bei haina budi kushuka.

Umri nao umedai chake. Kidhibiti kimoja kinakwaruza kwa vumbi, na freti tatu za mwanzo zimelika hadi zimeacha vijishimo chini ya uzi wa kwanza na wa pili. Fundi ameshauri freti zote zibadilishwe, nami nimekubali kwa sharti moja: tupa yake isiguse kingo za shingo.