Usaili wa mtandaoni wa kampuni ya programu ukiwa Mtwara: unavyokwenda na unapokwamia

Kampuni ninayoizungumzia inatengeneza mifumo ya malipo ya simu. Ofisi yake iko Dar es Salaam, lakini waandishi wake wengi wa programu wanafanyia kazi walipo. Jina naliacha. Nafasi ni ya uandishi wa programu za upande wa seva. Usaili wao ni wa haki kuliko mwingi ninaoufahamu, isipokuwa hatua ya pili, ambayo aliyeipanga hajawahi kuishi na umeme wa Kusini.

Unaanza na simu ya dakika 20 kutoka kwa afisa rasilimali watu. Anapitia wasifu wako, kisha anauliza unataka mshahara kiasi gani. Hapo wengi huponzeka, kwa sababu yeye anaulizia mshahara kabla ya makato na wewe unajibu kwa hesabu ya kinachoingia mfukoni. Chukua shilingi 1,500,000 kwa viwango vya mwaka 2024. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 inaondoa 150,000. PAYE, kodi ya mapato ya mshahara, inapigwa kwenye 1,350,000 iliyobaki, inatoka 233,000. Ukiwa na deni la HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 225,000. Unashika 892,000. Piga hesabu hiyo kabla simu haijaita, maana ukishataja kiwango, kukipandisha baadaye ni kazi.

Hatua ya pili ni mtihani wa dakika 90 wenye maswali matatu, unaufanya peke yako kwenye tovuti inayosahihisha yenyewe. Saa inahesabiwa kwenye seva yao, haisimami. Umeme ukikatika Shangani au Mikindani, dakika zinaendelea kuliwa. Betri ya laptopu haikuokoi, kwa kuwa ruta ya nyumbani inazimika na umeme. Kinachokuokoa ni simu iliyojaa chaji, hotspoti iliyokwisha kuunganishwa na laptopu kabla hujabonyeza kuanza, na laini ya mtandao wa pili yenye bando lake. Hakikisha Luku, umeme wa kulipia kabla, haiishii katikati. Hilo linachekesha mpaka likukute. Kiungo cha mtihani kinakaa wazi siku kadhaa, kwa hiyo hulazimiki kuufanya jioni, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Alfajiri kasi huwa nzuri zaidi.

Maswali yenyewe si ya kutisha. Moja hutaka utafute miamala iliyojirudia kwenye orodha. Ukilinganisha kila muamala na kila mwingine, orodha ya miamala 10,000 inakuletea ulinganisho unaokaribia milioni 50, na muda wa tovuti unakwisha kabla jibu halijatoka. Ukihifadhi namba za kumbukumbu kwenye seti (mkusanyo usioruhusu kitu kujirudia) na kuangalia kama namba imeshaonekana, unapita orodha mara moja tu. Kuna majaribio usiyoonyeshwa: orodha tupu, yenye kitu kimoja, yenye kiasi hasi. Kodi, yaani maandishi ya programu yako, inayofaulu mfano waliokupa inaweza kuangukia hapo. Na usifungue ukurasa mwingine kutafuta majibu, tovuti inarekodi kila unapotoka.

Hatua ya tatu ndiyo usaili hasa: saa nzima ya video, unaandika kodi huku wahandisi wawili wanatazama skrini yako. Huku Kusini watu hupoteza alama kwa kukaa kimya kuliko kwa kodi mbovu. Msaili aliye Dar akiona picha imeganda na sauti hakuna, hajui kama mtandao umekata au ni wewe umekwama kwenye swali. Mwambie mapema: "Mtandao ukisumbua nitazima kamera, sauti itabaki." Halafu sema unachofikiri kabla ya kukiandika. Rudia swali kwa maneno yako, uliza ukubwa wa data, taja njia ya polepole kwanza, eleza kwa nini haitoshi, ndipo uandike ya haraka. Ukikwama, sema umekwama wapi. Wanatoa dokezo, na kulipokea hakukupunguzii alama kama kunyamaza dakika tano. Saa moja ya video hula takriban GB 1, kwa hiyo bando la MB 500 ni la kujidanganya.

Salamu ni kwa Kiswahili, mnaitana kaka na dada, mnaulizana habari za Mtwara. Ghafla swali la kwanza linakuja kwa Kiingereza. Uliza moja kwa moja kama unaweza kuelezea kwa Kiswahili. Kwao ilikubalika, mradi majina ndani ya kodi yawe ya Kiingereza.

Katika jopo la mwisho kuna mtu aliye New York, na mwaliko unakuja kwa saa za kwake. Sisi hatubadilishi saa, wao wanabadilisha Machi na Novemba. Saa 4 asubuhi ya kule ni saa 11 jioni yetu wakati wa kiangazi chao, na saa 12 jioni wakati wa baridi. Jibu barua pepe ukiandika muda wa Afrika Mashariki, wakuthibitishie.

Jopo hilo linataka uchore mfumo mzima, na hapa mtu wa Kusini ana mtaji. Swali ni jinsi ya kupokea malipo ambayo taarifa yake inaweza kufika mara mbili au isifike kabisa. Toa mfano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima: karani anapima korosho kijijini pasipo na mtandao, anaingiza kilo kwenye simu, simu inatuma ikipata mnara, haipati jibu, inatuma tena. Bila namba ya pekee iliyotolewa na simu yenyewe wakati wa kupima, mkulima mmoja anaandikiwa mzigo mara mbili kwenye ghala. Ukiiweka namba hiyo kwenye hifadhidata kwa sharti la kutojirudia, ombi la pili linarudishiwa jibu la kwanza na hakuna kinachoharibika. Watakuchimba hapo: je, simu ikipotea kabla ya kutuma? Makarani wawili wakitumia simu moja? Jiandae.

Majibu yalikuja ndani ya wiki mbili walizoahidi, ila kwa anayekosa barua ni mistari miwili isiyo na sababu. Ukiandika kuomba sababu, mhandisi hujibu kwa maelezo ya maana, afisa rasilimali watu hajibu. Muulize mhandisi.