Inokulanti ya Soya: Soma Jina la Bakteria Kabla ya Kulipa

Kwa misimu miwili mfululizo nimenunua pakiti za inokulanti, yaani bakteria wa kupaka mbegu za soya ili mmea upate naitrojeni ya hewa, kwa ajili ya shamba letu la Butere, na matokeo ya misimu hiyo yametofautiana sana. Udongo ulikuwa uleule, mbegu zilikuwa za aina ileile ya SB19, na aliyepanda mara zote mbili ni mimi. Kilichobadilika ni neno moja la Kilatini kwenye pakiti, pamoja na namna duka lilivyoitunza pakiti hiyo. Ninaandika tathmini hii kwa sababu wakulima wengi wa Kakamega, Bungoma na Siaya huuziwa bidhaa hii kana kwamba ni mbolea, ilhali ni viumbe hai, na kiumbe hai hachaguliwi kwa uzito wala kwa rangi ya karatasi aliyofungiwa. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa ninachopima ni bidhaa ya aina hii na huduma ya maduka yanayoiuza.

Mwanzoni mwa masika niliingia katika duka moja la agroveti mjini Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, nikamwambia kijana wa kaunta kwamba nataka bakteria wa soya. Alichukua pakiti kutoka kwenye rafu ya dirishani, mahali ambapo jua la mchana hupiga moja kwa moja, akanikabidhi. Nilipoigeuza nikaona imeandikwa kuwa ni ya maharagwe. Nilimuuliza, naye akanijibu kwa upole, "Mwalimu, hizi zote ni za jamii ya kunde, zinafanya kazi moja." Mvua ilikuwa imeshaanza na matatu ya kurudi nyumbani ilikuwa inajaza, nikalipa nikaondoka. Ninafundisha biolojia, na hadi leo najuta kwamba sikuirudisha pakiti ile palepale.

Kosa la jibu lile ni kwamba "jamii ya kunde" ni mpangilio wa mimea, si wa bakteria. Maharagwe na soya ni ndugu katika familia moja ya mimea, lakini bakteria wanaoishi katika mizizi yao walitengana zamani sana, na anayetaka kuujua umbali huo hana budi kupanda ngazi ya uainishaji hadi juu kisha ateremke polepole. Wote wawili wamo katika faila (mojawapo ya ngazi za juu za uainishaji) ya Pseudomonadota, ambayo walimu wengi bado tunaiita Proteobacteria, faila yenye spishi nyingi zaidi zilizopewa majina rasmi miongoni mwa bakteria. Mwaka 1987 Carl Woese wa Marekani, ambaye alilinganisha molekuli za RNA za ribosomu, vile viwanda vya protini vya seli, badala ya kutegemea maumbo ya seli, aliliita kundi hili bakteria wa zambarau na jamaa zao, kwa sababu baadhi yao huvuna mwanga wa jua na wana rangi hiyo. Mwaka uliofuata Stackebrandt, Murray na Trüper walilipa jina la Proteobacteria, kutokana na Proteus, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale aliyeweza kujigeuza umbo. Naona jina hilo lilistahili kabisa, kwani humo wamo wanaopumua oksijeni na wasioihitaji, wanaopata nishati kutoka kwa chuma au salfa, wanaotumia mwanga, na wasioweza kuishi popote isipokuwa ndani ya seli za viumbe wengine. Kinachowaunganisha ni nasaba, pamoja na utando wa pili unaoifunika seli kwa nje, ambao kwa kawaida huwafanya waonekane chini ya hadubini kuwa Gram-hasi, yaani wasioshika rangi ya zambarau ya kipimo cha Gram. Mwaka 2021, baada ya kanuni za kutoa majina kuitambua rasmi ngazi ya faila, Oren na Garrity walichapisha majina ya faila 42 yanayoishia kwa -ota, na Proteobacteria ikawa Pseudomonadota, kutokana na jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Pseudomonas.

Chini ya faila hii kuna ngeli, ambazo zilipewa herufi za Kigiriki kwa mfuatano tu: alfa, beta, gama, delta na epsiloni, kisha zeta ikaongezwa kwa ajili ya bakteria wa baharini wanaooksidisha chuma. Kitabu cha shule kinachotaja ngeli tano za kwanza peke yake kimepitwa na wakati. Epsiloni ilitolewa mwaka 2017 na sasa ni faila ya Campylobacterota, na mwaka 2020 delta ilivunjwa kuwa faila kadhaa, zikiwemo Desulfobacterota na Myxococcota. Beta nayo haijatulia: uainishaji unaotegemea jenomu nzima, yaani jeni zote za kiumbe, huiweka kama oda moja (ngazi iliyo chini ya ngeli) ndani ya gama, ilhali wataalamu wengine bado huihesabu kuwa ngeli kamili.

Bakteria wa maharagwe na wa soya niliokuwa nikiwatafuta wamo katika alfa, na katika oda moja iliyokuwa ikiitwa Rhizobiales na ambayo sasa huitwa Hyphomicrobiales. Baada ya hapo njia zao zinaachana. Wa maharagwe, kama Rhizobium etli na Rhizobium tropici, ni wa familia ya Rhizobiaceae, nao hukua haraka, kiasi kwamba makoloni yao huonekana kwenye sahani ya maabara baada ya siku chache. Wa soya ni wa jenasi ya Bradyrhizobium, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "polepole", kwa kuwa huchukua wiki moja hivi kuonekana. D. C. Jordan ndiye aliyewatenga mwaka 1982. Kabla ya hapo wote walibebwa na jina la Rhizobium lililotolewa na Frank mwaka 1889, mwaka mmoja tu baada ya Martinus Beijerinck wa Uholanzi kufanikiwa kuwakuza nje ya mmea bakteria wa vinundu, yaani vile vivimbe vya mizizini wanamoishi. Kwa nasaba, Bradyrhizobium yuko karibu zaidi na Rhodopseudomonas palustris, bakteria wa zambarau anayetumia mwanga, kuliko alivyo karibu na Rhizobium wa maharagwe. Kwa hiyo kauli ya kwamba pakiti zote zinafanya kazi moja ni sawa na kumpelekea mtu ufunguo wa nyumba ya jirani kwa hoja kwamba nyumba zote mbili zina mlango.

Mfano wa ufunguo nimeuchagua makusudi. Mzizi wa mmea hutoa kemikali ziitwazo flavonoidi, bakteria anayezitambua hujibu kwa molekuli yake ya kuamsha vinundu, na mmea huikagua molekuli hiyo kabla ya kumruhusu aingie. Anayeruhusiwa hupita kwenye kinyweleo cha mzizi kilichojikunja hadi ndani, na hapo huanza kuigeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho naitrojenasi. Asiyetambuliwa hubaki udongoni. SB19 ni aina ya soya isiyochagua sana, kwani ilitokana na kazi ya IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoko Nigeria, ya kuzalisha soya zinazokubali Bradyrhizobium wa asili wa udongo wa Afrika. Lakini hata soya hiyo haigeuki kuwa harage kwa sababu pakiti iliandikwa maharagwe.

Matokeo ya masika yalikuwa kama nadharia inavyosema. Soya ilipoanza kutoa maua niling'oa mashina kadhaa kwa jembe, nikaosha mizizi kwenye karai, na vinundu vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Mstari niliouacha bila kupaka chochote haukuwa na tofauti yoyote ya kuonekana kwa macho. Vinundu hivyo vichache, ninavyoamini, vilitengenezwa na wenyeji wa udongo wetu, si na wageni wa pakiti.

Msimu wa vuli nilinunua katika duka jingine, dogo zaidi, mjini Bungoma. Mama aliyekuwa kwenye kaunta aliniuliza kabla sijataja bei, "Unapanda nini, Mwalimu? Na unapanda lini?" Nilipomwambia ni soya na kwamba nitapanda kesho yake, alitoa pakiti kwenye friji, akanionyesha tarehe ya mwisho wa matumizi, akaifunga kwa gazeti na kunisihi nisiiache kwenye dashibodi ya gari. Nimenunua vitu vya ghali zaidi kwa huduma iliyo duni kuliko hiyo. Unga wenyewe ni mweusi na una unyevu. Kibebeo cha bidhaa hizi huwa ni mboji, au lile tope linalobaki viwandani maji ya miwa yanapochujwa, ambalo limetumika Kenya kwa kazi hii, jambo linalonifurahisha mimi niliyekulia kati ya mashamba ya miwa. Nililowesha mbegu kwa gundi ya mgunga iliyokuja pamoja na pakiti, nikachanganya chini ya mwembe hadi kila mbegu ikapakwa, nikapanda asubuhi hiyohiyo na kufukia mara moja. Mbolea ya fosfeti niliitia kwenye shimo kwanza na kuifunika kwa udongo ili isiguse mbegu, na yenye naitrojeni sikuitumia kabisa, kwa kuwa mmea unaolishwa naitrojeni tayari hauoni haja ya kuwakaribisha bakteria.

Safari hii vinundu vilijaa kwenye mzizi mkuu karibu na shina, vikubwa, na nilipovipasua kwa ukucha ndani vilikuwa na wekundu wa waridi. Rangi hiyo ni ya leghemoglobini, protini inayodhibiti oksijeni ili naitrojenasi isiharibike, na ndiyo dalili ambayo mkulima anaweza kuisoma bila maabara; kinundu cheupe au cha kijani ndani hakifanyi kazi. Majani ya mistari iliyopakwa yalikuwa ya kijani kizito, na mtu aliyesimama barabarani angeweza kuonyesha mstari usiopakwa bila kuambiwa.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye umri wa kunizaa, alikataa nilipomwahidi kumgawia pakiti. "Mwanangu, si bakteria ndio huleta kipindupindu?" aliniuliza. Swali lake lilikuwa la maana kuliko alivyodhani, kwa sababu Vibrio cholerae ni wa faila hiihii. Ni wa ngeli ya gama, pamoja na Salmonella wa homa ya matumbo, Escherichia coli, na yule Xanthomonas aliyenyausha migomba ya nyumba nyingi huku magharibi. Ralstonia, anayewatesa wakulima wa viazi wa Molo na Nakuru kwa mnyauko, ni wa beta. Hata ndani ya oda ya bakteria wetu wa soya yumo Brucella, anayepatikana katika maziwa yasiyochemshwa. Nilimjibu kwamba faila ni kama ukoo mpana mno, ambao tabia ya mmoja haiwezi kumhukumu mwingine, na nikamkumbusha kwamba mitokondria zinazoipa karibu kila seli ya mwili wake nguvu zinatokana na bakteria wa zamani aliye karibu na ngeli hiihii ya alfa. Alikubali kujaribu mistari miwili.

Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinachonivutia zaidi katika faila hii. Mwaka 2001 watafiti waliripoti vinundu vinavyotengenezwa na bakteria wa beta, miongoni mwao yule aliyepatikana Taiwan kwenye kifauwongo, mmea ule ambao watoto huugusa ili majani yajikunje. Aliitwa kwanza Ralstonia taiwanensis, kisha akahamishiwa jenasi ya Cupriavidus. Yaani jamaa wa karibu wa muuaji wa viazi amekuwa mlishaji wa mmea mwingine. Hili huwezekana kwa sababu jeni za kutengeneza vinundu huweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata asiye wa ukoo wake. Kwa sababu hiyo jina la jenasi ni la lazima lakini halitoshi, na pakiti nzuri inapaswa kutaja pia namba ya aina ya bakteria iliyojaribiwa kwenye zao husika. Mkulima akiona USDA 110, kwa mfano, atajua ni aina ya bakteria wa soya iliyotumika nchi nyingi, iwe imeandikwa Bradyrhizobium japonicum kwa jina la zamani au Bradyrhizobium diazoefficiens, jina la tangu 2013.

Hapo ndipo ninapoipunguzia bidhaa hii alama. Katika pakiti zote mbili maelezo ya jina yalikuwa kwa herufi ndogo sana, nyuma, chini ya mkunjo, huku mbele kukiwa na picha ya mmea tu. Maelezo ya kupaka yalikuwa kwa Kiingereza kilichojaa istilahi, na hayakusema lolote kuhusu udongo wenye asidi, ambao ni tatizo kubwa katika kaunti zetu na hupunguza bakteria hawa wasipotangulizwa chokaa. Bei haina lawama: ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na mfuko wa kilo 50 wa mbolea.

Pakiti ya Bungoma naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya Kisumu siwezi kuipa alama kwa haki, kwa kuwa bakteria wake hawakupewa zao lao wala kivuli. Duka lenyewe nalipa nyota moja, kwa ajili ya upole wa yule kijana. Masika ijayo nitapanda soya tena, na njugu karanga kando yake, ambazo nazo hushirikiana na Bradyrhizobium. Nimeshampigia simu yule mama wa Bungoma aniwekee pakiti ya njugu peke yake, na ameniomba nimpigie tena siku moja kabla ya kupanda ili asiitoe kwenye friji mapema.