Siku tisini Malindi: kituo cha kuacha unga kwa jicho la mzazi wa Lamu

Niliingia katika kituo hiki nikiwa na miaka tisa ya kutumia unga, yaani heroini, na watoto wawili niliowaacha kwa mama yangu Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa baadhi ya malalamiko yangu hayajapata jibu. Lakini ninaandika kwa ajili ya baba au mama mwingine wa visiwani anayefikiria safari kama yangu, kwa sababu nilipoitafuta habari ya namna hii kabla ya kuondoka sikuipata.

Wengi huniuliza kwa nini sikwenda kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga. Kliniki ya serikali inayoitoa ilifunguliwa Malindi mwaka 2015, na nimewaona watu niliovuta nao wakirudi kazini na majumbani mwao kwa dawa hiyo, hivyo sina neno baya juu yake. Ila kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya muuguzi, nami ni fundi wa mashine za boti ambaye kazi humpeleka Faza au Kiwayu akakaa siku nne. Ndiyo maana nikachagua kulazwa kwa siku tisini.

Safari yenyewe ni sehemu ya ugonjwa. Arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa unga, huanza saa chache tu baada ya mara ya mwisho, kwa hiyo anayevuka kwa boti kwenda Mokowe kuwahi basi la asubuhi hufika Garsen akipiga miayo, pua ikimchuruzika na miguu haitulii. Nilipofika kituoni niliwekwa kwenye benchi karibu saa mbili, nikijaza karatasi na kungoja mtu wa kupokea amana. Anayekuja kutoka mtaa wa pili huenda akastahimili. Aliyetoka Lamu angepewa kitanda kwanza, karatasi zikafuata.

Baada ya hapo, kwa upande wa mwili, sina ila shukrani. Siku ya pili na ya tatu zilikuwa mbaya kuliko zote, na muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa akija na maji ya chumvi na sukari bila kuitwa, akinibadilishia shuka mara mbili kabla ya alfajiri. Siku ya nane nilikula wali na mchuzi wa papa nikaumaliza.

Tatizo la mzazi ni simu. Simu huchukuliwa siku ya kwanza, wiki mbili hakuna mawasiliano, kisha unapewa dakika kumi kila Jumapili saa nne asubuhi. Sipingi sharti hilo, maana simu yangu ilikuwa na nambari za wauzaji watatu. Lakini Jumapili saa nne watoto wangu wako chuoni wanasoma Kurani, kama watoto wengi wa kwetu, na Jumapili mbili mfululizo nilizungumza na mama peke yake. Ilichukua wiki tatu za kuomba hadi nikahamishiwa baada ya magharibi. Jioni hiyo binti yangu wa miaka saba alinieleza, bila kupumua, kwamba jino la mbele limetoka na amelitupa juu ya paa, kisha muda ukaisha.

Siku ya wageni ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane hadi saa kumi. Kwa saa hizo, mgeni wa Lamu hulazimika kulala Malindi, na gharama ya chumba haimo katika hesabu unayopewa mwanzoni. Mama alikuja mara moja, akaleta mikate ya mofa aliyofungiwa na binti yangu kwenye gazeti. Mlinzi aliivunja yote vipande vipande mbele yake. Mama alikasirika, mimi sikuweza, kwa kuwa najua nilichowahi kuficha ndani ya mkate.

Kinachonifanya nikisifu kituo hiki kuliko vingine nilivyosikia ni mshauri wao mmoja, ambaye naye aliwahi kutumia. Watoto nilikuwa nimewaambia nimekwenda Malindi kutengeneza mashine. Alinishikilia mwezi mzima niwaambie ukweli, akakaa kando yangu nilipompigia mwanangu wa kiume, ambaye ana miaka kumi na mmoja. Nilianza kwa kuzunguka. Akanikata: "Najua, baba. Hata chuoni wanajua." Mshauri hakusema kitu, alinisogezea kikombe cha maji tu.

Kutoka ndiko walikoharakisha. Walinionya waziwazi kwamba mwili uliokaa bila unga hauhimili tena kiasi cha zamani, na kwamba wengi hufa kwa kurudia dozi ileile. Onyo hilo lilipaswa kumfikia mama pia, naye hakuambiwa. Wala hawakuuliza ningerudi kuishi wapi, wakati nyumba yetu na kijiwe cha zamani vinatenganishwa na kichochoro kimoja. Niliwaomba wanipigie mara moja kwa wiki kwa mwezi wa kwanza. Walipiga mara mbili.

Atakayekwenda aulize saa ya simu na siku ya wageni kabla ya kulipa, na adai risiti ya amana. Yangu bado naidai.