Darasa la Tantra ya Kashmir, Assi Ghat, Varanasi: nyota nne

Tangu niseme kwamba nasoma Tantra, mafundisho na mazoezi ya kiroho ya kale ya India, huku Varanasi, simu haitulii. Kuna wanaodhani nimeingia kwenye uchawi, na kuna wanaoulizia mambo ya chumbani. Darasa nililosoma halikuwa na hili wala lile, na kwa kuwa maswali ni mengi, bora niyajibu yote hapa. Ni la jioni, la wiki nane, kwenye nyumba ya ghorofa iliyo kichochoroni nyuma ya Assi Ghat, kusini mwa zile ngazi maarufu zinazoteremka hadi mto Ganga. Ada ni rupia 6,000, vitabu mbali.

Tantra ni bahari. Wabudha wa Tibet wana yao, Wabengali wanaomwabudu mungu wa kike Kali wana yao. Inayofundishwa hapa ni ya Kashmir, ya wafuasi wa Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, ambayo ilifika kileleni kwenye mwaka 1000 hivi kwa mwanafalsafa Abhinavagupta na mwanafunzi wake Kshemaraja. Mwalimu anashika matini mbili tu. Ya kwanza ni muhtasari wa mafundisho hayo ulioandikwa na Kshemaraja, wenye sutra 20, yaani kauli fupi fupi. Ya pili ni Vijnana Bhairava, ambamo Devi, mungu wa kike, anamuuliza Bhairava, ambaye ni Shiva kwa jina jingine, hakika yake ni ipi, naye anamjibu kwa njia 112 za kutuliza na kuzamisha akili. Nyingi kati ya hizo ni mambo yanayompata kila mtu: pumzi inapokaribia kugeuka, chafya inapoanza, furaha ya kumwona ndugu mliyepoteana siku nyingi, ladha ya chakula mdomoni. Kila mara unaambiwa usikimbilie jina la kitu, ukae pale pale kinapochomoza.

Mimi ni mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, kutoka Unguja, nimekuja huku kusomea sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi, kwa hiyo somo lililoniingia zaidi ni la nyuzi. Vijnana Bhairava inasema anayefuata kwa makini sauti ndefu za ala za nyuzi, bila akili kuyumba, mwishowe hufika kwenye uwazi mkuu. Guruji, ndivyo tunavyomwita wote, aliniambia nije na sitar. Akazima feni. Akanitaka nipige uzi mmoja tu, ule mnene, kisha niondoe mkono. Uzi ule ukiuacha hulia muda mrefu. Kwanza unaisikia sauti nzima, halafu mvumo, halafu kitu ambacho huna hakika kama bado kipo au unakikumbuka tu. Ulipopotea kabisa hakuna aliyejitikisa. Ndipo akauliza, polepole: "Sauti imekwisha. Aliyejua kwamba imekwisha, naye amekwisha?"

Tulirudia zoezi lile hadi usiku ukaingia. Masikio yangu yamefunzwa tangu utotoni kuiandama sauti: imepanda, imeshuka, imepotoka robo. Sikuwahi kuugeuza usikivu huo huo umwelekee anayesikia. Na ukiugeuza hukuti mtu mdogo aliyeketi ndani ya kichwa. Unakuta kusikia kwenyewe, hakuna umbo, hakuna umri, na kunajijua. Niliporudi chumbani sikutaka kuzungumza na mtu.

Baada ya jioni ile ndipo falsafa ikaanza kunoga. Abhinavagupta hupenda mfano wa kioo: mji mzima unaonekana ndani yake, majumba na watu, na kioo kinabaki kioo. Lakini kioo hakina habari na kilichomo. Utpaladeva, mwalimu wa mwalimu wake, alishalisema hili: nuru isiyojitambua haitofautiani na fuwele inayong'aa bila kujua chochote. Kwao nafsi ni mambo mawili yasiyotengana, nuru inayodhihirisha vitu, wanaiita prakasha, na kujitambua kwa nuru hiyo, wanakuita vimarsha.

Na wanatofautiana waziwazi na Vedanta ya mwanafalsafa Shankara, falsafa ya Kihindu ambayo ndiyo inayosikika zaidi nje ya India. Shankara anauhesabu ulimwengu huu wa vitu vingi kuwa kiinimacho. Watu wa Kashmir wanasema ni wa kweli, umedhihirishwa na ufahamu wenyewe kwa hiari yake. Kwa mwanamuziki jambo hili si dogo. Kama sauti ni kiinimacho, ninashinda kutwa na sitar mapajani nikitafuta nini?

Abhinavagupta huyu huyu ndiye aliyeandika ufafanuzi mkubwa wa Natyashastra, matini ya kale ya tamthilia na muziki. Anaeleza kwamba mtazamaji anapoionja rasa, yaani ladha ya hisia inayoletwa na sanaa, iwe ya huzuni au ya mahaba, hisia ile haiwi tena yake binafsi wala ya mwigizaji, na ule umimi uliombana hulegea kwa muda. Niliposikia hivyo niliuona ukumbi wa taarab kwetu: mama anainuka kwenda kutunza, machozi yanamtiririka kwa ubeti usiohusu kisa chake hata kidogo. Nimeyashuhudia hayo mbele ya macho yangu miaka nenda rudi, nikiwa nyuma ya kanuni, na sikuwahi kusikia mtu akiyaeleza vizuri namna hii.

Sasa suala la dini. Mimi ni Mwislamu, na siku ya kwanza kabisa nilimwambia Guruji kwamba sitashiriki puja, ibada ya Kihindu. Alinionesha mahali pa kukaa barazani hadi imalizike, na hakuna aliyenikazia macho. Lakini sitawaficha: mafundisho yenyewe yanasema nafsi na Shiva ni kitu kimoja, na hilo ndilo shina lake. Ambaye moyo wake hautulii kuyasikia hayo asiende. Mimi nimechukua mazoezi ya usikivu, hilo la umoja nimewaachia wenyewe, na Guruji analijua.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya wiki mbili za mwanzo. Unamwagiwa orodha ya tattva 36, yaani ngazi za kuwepo kwa mujibu wa mafundisho haya, kwa Kisanskriti, moja baada ya nyingine, bila zoezi hata moja, na nakala za fotokopi zimefifia hadi mistari ya chini haisomeki. Wanafunzi kadhaa waliondoka kabla hawajaonja chochote. Ni hasara kubwa, kwa sababu mtu akitoka hapo anaishia kwenye zile sehemu zinazowauzia watalii masaji kwa jina la Tantra, kwa bei mara kadhaa ya hii, na haambiwi lolote kuhusu nafsi.

Guruji hufundisha kwa Kihindi na kujifasiri kwa Kiingereza, kwa hiyo lugha isikutishe. Januari Varanasi ina ukungu na baridi ya kweli, na sakafu ya darasa ni ya mawe, kwa hiyo nenda na blanketi la kukalia. Na ukiona huna subira na orodha, omba kuanzia wiki ya tatu. Nilimuuliza kwa niaba ya mwenzangu wa chuoni, akakubali, na ada akampunguzia.