Uzoefu wangu na wakala wa matangazo: bei ya kliki imeporomoka halafu lawama wanabebeshwa wasomaji wangu

Naandika bado nina hasira kwahiyo mnivumilie. Nina tovuti ya notisi na mitihani iliyopita ya sekondari, form one mpaka form six. Wanaoingia ni wanafunzi, wengi kwa simu ya mama au ya dada, wanapakua PDF ya Biology au ya Hesabu wanatoka. Matangazo nimewakabidhi wakala, jina la kampuni silitaji, ni wale wanaokaa katikati yako na wenye matangazo wakubwa, unabandika mistari yao ya programu kwenye tovuti wao wanaamua tangazo likae wapi na wanakata chao. Mwanzoni nilifurahi kweli. Baadaye kliki moja ya tangazo iliyokuwa inaniingizia kama shilingi 200 ikawa haifiki 50. Nikauliza kwanini. Sikumtukana mtu, sikuomba niongezewe hela, nimeuliza tu kwanini bei inashuka wakati watu wanazidi kuingia. Dada wa huduma kwa wateja akanijibu hivi, naandika kama alivyoandika: "Kaka tatizo sio sisi, wasomaji wako ndio hawana thamani sokoni."

Aisee. Hawana thamani. Mtoto yuko Nkasi huko anatafuta maswali ya mock usiku kwa bando la shilingi mia tano, unasema hana thamani?

Sasa mimi nisingekasirika hivi kama ingekuwa uongo mtupu. Kuna kaukweli ndani yake na ndio kanachoniuma. Bei ya kliki hapangi wakala wala sipangi mimi, ni mnada, kila mtu akifungua ukurasa, wenye matangazo wanashindana pale pale kabla ukurasa haujamaliza kufunguka, na wanaangalia huyu mtu yuko nchi gani, anatumia simu gani, anasoma kitu gani. Msomaji wa Marekani anayesoma mambo ya bima au mikopo anagombaniwa, mwanafunzi wa Tanzania anayesoma photosynthesis hagombaniwi na mtu. Hilo nalijua, nililijua siku ya kwanza. Hata Watanzania walioko Ulaya wanaoingia kutafutia wadogo zao mitihani siku hizi hawaleti ile bei niliyozoea, wengi wanatumia iPhone, na Safari, kivinjari chake cha intaneti, tangu 2020 inazuia vidakuzi vya watu wa nje, vile vifaili vinavyomfuatilia mtu toka tovuti hii mpaka ile, mtangazaji akiwa hamjui anayemtangazia anaweka dau dogo.

Halafu kuna msimu. Kampuni zinamwaga hela za matangazo Oktoba mpaka Disemba, ikiingia Januari bajeti mpya hazijafunguliwa na bei inalala. Kwangu mimi Januari ndio mafuriko, matokeo ya form four yanatoka, shule zinafunguliwa, watu wanaingia mpaka tovuti inakuwa nzito, yaani msomaji anakuja kwa wingi wakati ule ule ambao soko halina hela. Hii nayo naikubali, inaumiza lakini naikubali, kwasababu Machi huwa inapanda kidogo. Safari hii Machi ilipita, haikupanda kitu.

Kwahiyo nikaanza kuchimba mwenyewe, maana niliona hawa watu hawana mpango wa kunichimbia. Jibu nikalipata kwenye simu ya mdogo wangu yuko form three.

Nimemwambia fungua tovuti yangu pakua mtihani wowote nikuone. Simu ndogo, skrini imepasuka kona. Ukurasa ukafunguka, kitufe cha PAKUA kikatokea katikati, kidole kikaenda, na kidole kikiwa hewani tangazo likaingia kwa juu likasukuma kila kitu chini, kitufe kikahama, kidole kikatua kwenye tangazo. Akapelekwa kwenye ukurasa wa kubashiri mechi. Akarudi haraka haraka kama amefumaniwa. Akajaribu tena, tangazo jingine lile la chini linaloelea likafunika nusu ya kitufe, akabonyeza lile badala ya PDF. Ananiambia "kaka hii tovuti yako siku hizi iko hivi kila siku, sisi darasani tumezoea, unarudi tu mpaka ikubali". Wamezoea! Mimi natumia kompyuta, kwenye kompyuta nafasi ni kubwa hicho kitu hakitokei, na hao mawakala wakati wananiunganisha walisema wamepima kwenye simu zote.

Hebu fikirieni hapo. Mtangazaji analetewa mtu anayefunga ukurasa hata haujamaliza kufunguka. Hajanunua, hajajisajili, hajasoma hata neno. Wenye matangazo wanapima hivyo vitu, hawajalala. Google kwenye mfumo wao wana utaratibu wa kushusha bei wenyewe kama wanaona kliki za ukurasa fulani haziendi kuleta mauzo, na sheria zao kwa wenye tovuti zinakataza kabisa kuweka tangazo sehemu ambayo mtu atalibonyeza kwa bahati mbaya, hasa karibu na vitufe vya kupakua. Hii haijafichwa, mtu yeyote wa kazi hiyo anaijua. Sasa wakala anayejiita mtaalamu anaweka tangazo juu ya kitufe cha PAKUA, kliki zinafumuka, kwenye ripoti inaonekana watu wanapenda matangazo, soko linagundua hizo kliki ni hewa, bei inashuka, halafu analaumiwa mtoto aliyetegeshewa.

Na kuna kitu kingine hawakuniambia. Siku hizi malipo mengi hayaendi kwa kliki tena. Google walitangaza mwishoni mwa 2023 kwamba AdSense, huduma yao ya kuwawekea wenye tovuti matangazo, inahama kutoka kulipa kwa kliki kwenda kulipa kwa tangazo kuonekana, ikaanza 2024, na hawa wangu nao wanalipa kwa kuonekana. Kwahiyo ile "bei ya kliki" ninayoiona kwenye dashibodi, ule ukurasa wao wa ripoti, ni hesabu tu, wanachukua hela yote wanagawa kwa idadi ya kliki. Ukiongeza kliki za bahati mbaya hela haiongezeki, unachoongeza ni kigawanyo. Yaani kila mwanafunzi aliyeteleza kidole alikuwa ananishushia hiyo namba bila kuniletea hata senti! Dada wa sapoti alishindwa nini kuniandikia mistari miwili kama hii? Ningeelewa, ningemshukuru kabisa.

La kubashiri ndio lilinimaliza. Tovuti ina watoto wa miaka 14. Nilipokuwa AdSense mwenyewe nilikuwa nazuia matangazo ya kamari kwenye mipangilio, dakika moja imeisha. Kwa wakala huna hicho kitufe, mpaka uombe, nimeomba, nimejibiwa wataangalia.

Kuhusu makato wala sitaki kusema sana. Kwenye AdSense ukijumlisha yote mwenye tovuti anabaki na kama asilimia 68, wakala anakata yake juu ya hiyo iliyobaki, na ahadi ni kwamba bei wanazoleta zitafidia makato. Kwangu zilifidia mwanzoni, uongo dhambi. Na hela yao inaingia, sijawahi kucheleweshewa mwezi hata mmoja, benki inasoma. Kwahiyo siwezi kuwaita wezi, na nilivyoanza kuandika hapa nilipanga kuwapa nyota tatu kwasababu hiyo.

Ila nimeshaandika mpaka hapa na nyota tatu sizioni. Mtu anayelipa kwa wakati huku anakuharibia jina la tovuti uliyoijenga miaka, kwa wasomaji ambao hawana pengine pa kupata notisi za bure, huyo sio mshirika. Nyota moja, na ni kwa ajili ya benki.

Nilichofanya, nimetoa mistari yao kwenye kurasa zote za kupakua, nimewaachia kurasa za kusoma tu, na kule nimetenga nafasi ya tangazo mapema kwenye muundo wa ukurasa ili likiingia lisisukume maandishi. Kliki zimepungua sana, bei ya kliki imepanda mpaka karibu na ilipokuwa, na hela ya mwezi imepungua kidogo tu. Watu ni wale wale, simu zile zile, nchi ile ile. Nimewatumia picha za hizo namba, wamejibu na tangazo la huduma yao mpya.

Kwahiyo kama tovuti yako ina kitu cha kupakua, iwe PDF, nyimbo au apu, usiwape ukurasa wa kupakua hata wakikubembeleza. Wa habari na mapishi, ambao mtu anasoma taratibu anashuka chini, huenda mkapata faida, kuna rafiki yangu wa mapishi yuko nao na anawasifia. Lakini chukueni simu ndogo kuliko zote nyumbani mjaribu wenyewe, msiamini walivyopima wao. Na masharti ya kujitoa yasomeni kabla hamjasaini, mimi nataka kutoka leo ila wanataka barua kwanza, na mpaka muda wa taarifa ya kujitoa uishe wanaendelea kukata asilimia yao.