TAHADHARI: Muuza makabati ya spana mtandaoni amenipiga 950,000

Wakuu, nilitaka kunyamaza kwa aibu. Mke wangu ndiye aliyesema niandike, na ana haki, maana nusu ya hela ile ilikuwa yake ya kikoba. Mimi nimeshika spana miaka 16. Wengi wenu mkitaka kununua drili au grenda mnaniuliza mimi kwanza. Na bado nimeuziwa bati.

Mnajua hali ya gereji yangu ya nyumbani tangu ile mvua. Vifaa kwenye ndoo za rangi, spana namba 13 naitafuta dakika ishirini. Nikaona bora ninunue kabati la maana: droo saba, magurudumu, kufuli moja la kufunga droo zote.

Huyu jamaa nilimwamini kwa sababu alijua anachoongea. Nilipomwambia nataka la droo 11 akaniuliza, "Kaka, una soketi za nusu inchi tu au na za robo tatu?" Nikamwambia nusu inchi. Akasema, "Basi droo 11 ni kupoteza hela yako, chukua saba." Muuzaji anakupunguzia mzigo! Nani angemshuku? Akanieleza geji ya bati, yaani unene wake, ni 18, reli zote za beringi, kila jozi inabeba kilo 45. Akanipigia simu ya video, nikamwona kasimama na miguu yote miwili ndani ya droo ya chini, kabati limetulia. Risiti ya nusu ya kwanza akanitumia ina TIN. Nilituma 500,000 Jumanne.

Mzigo ulifika Alhamisi saa moja na nusu usiku, umeme umekatika mtaa mzima. Kirikuu ikarudi nyuma hadi getini, dereva, kijana mwembamba kabisa, akalivuta kabati, akaliweka begani na kuingia nalo peke yake. Niliona kwa macho yangu. Kabati la droo saba la geji 18, tupu, ni la kubebwa na watu wawili au watatu. Hilo nalijua! Lakini usiku ule sikuliwaza.

Lilikuwa limezungushiwa nailoni nyeusi, kona zote zina maboksi. Nikasema nilifungue lote. Dereva akadai ana mzigo mwingine wa Kibaha, na jamaa yuko hewani: "Kaka, mwache kijana awahi, mimi nipo, kukiwa na shida kesho nakubadilishia." Nikapasua nailoni kwa mbele, nikamulika na tochi ya simu. Nyekundu inang'aa, nembo ya kampuni kubwa ipo. Nikavuta droo ya juu, ikateleza laini kama siagi. Nikatuma 450,000 nikiwa nimesimama palepale. "Imeingia kaka, Mungu akubariki." Hayo ndiyo maneno yake.

Jumamosi asubuhi nikaanza kupanga. Droo ya tatu nikaweka seti ya soketi, nyundo mbili na spana za pete. Nilipoivuta, kitako kikabonyea katikati, riveti mbili za kushoto zikachomoka, droo ikaangukia ile ya chini yake na kabati zima likaanza kunilalia. Nililizuia kwa goti. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amechuchumaa hatua moja kutoka pale, ananipokezea soketi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, wakuu. Hela inatafutwa.

Nikatoa droo zote. Ile ya juu tu ndiyo yenye reli za beringi! Sita zilizobaki zinapita kwenye bati lililokunjwa na kupakwa grisi. Nikachukua venia, kile kifaa cha kupimia unene: milimita 0.4 pamoja na rangi. Geji 18 ni kama milimita 1.2. Hii 0.4 ni unene wa bati la kuezekea nyumba. Nikakwangua ubavuni kwa msumari, chini ya nyekundu kuna nyeupe, na kwenye ile nyeupe kuna matundu yaliyozibwa kwa puti. Ni bodi la friji bovu. Mafundi wa Gerezani wangenichomelea kabati la kweli kwa hela ileile, tena nikiwa nimekaa pembeni naangalia kila kona.

Nikampigia. "Kaka, umeweka mzigo mzito sana." Ni kabati la spana, nimeweka spana! Nikamtumia picha, akazifungua, akaniblock. Jumatatu nikaenda Kariakoo kwenye fremu aliyonielekeza. Panauzwa mapazia. Dada wa pale akaniambia mimi ni mtu wa tatu kuulizia makabati.

Huyu mtu asiombewe msamaha. Alale ndani, arudishe hela za watu wote, na laini zake zote zifungwe. Anajua fika vitu hivi vinakaa kwenye nyumba zenye watoto. Na yule dereva naye ahojiwe, haiwezekani abebe kila siku makabati mepesi vile asijue.

Mkitaka kununua, fungueni nailoni yote mchana, vuteni DROO ZOTE, msiishie ya juu. Bonyeza kitako cha droo kwa kidole gumba, kikicheza achana nalo. Nyanyua upande mmoja usikie uzito. Fungua droo tatu kwa pamoja uone kama linainama. Venia kama unayo. Na hela ya mwisho isitoke kabla hujamaliza, hata dereva akilia.

Akaunti yake ina picha nyingi za makabati mekundu na ya bluu, na ukiuliza swali la ubishi anakufuta. Namba yake nimeshairipoti kupitia 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli. RB ya polisi ninayo, mpelelezi amesema tukiwa wengi faili linakuwa na nguvu. Kama ni wewe mmoja wa wale wawili waliofika kwenye lile duka la mapazia, au unamjua, nitafute. Ijumaa narudi kituoni.